Kura ya Chumba cha Nyuma

Niliondoka Pinetown, nje kidogo ya Durban, asubuhi moja bila kumuaga mtu, kwa sababu hapakuwa na wa kumuaga. Hakuna aliyenifukuza. Kazi ya kupakia makreti kwenye ghala ilikuwa imekwisha, na mwenzangu wa chumba, Mmalawi mpole aliyekuwa akishona vitambaa vya viti kiwandani, alikuwa amehamia Johannesburg kwa shemeji yake. Niliamka, nikachemsha chai, nikamimina kikombe cha pili kwa mazoea, kisha nikakaa nikikitazama kinavyopoa. Nilipokunja blanketi niliona vitu vyangu vyote vimeingia kwenye begi na begi bado lina nafasi. Nikalifunga, nikaacha ufunguo juu ya meza, nikatoka.

Nimekuwa hivyo tangu utotoni. Shule niliiacha Kigoma nikiwa kidato cha kwanza. Muhula mmoja nilikaa nyumbani kwa kukosa ada, na muhula uliofuata, ada ilipopatikana, miguu ilikuwa imeshazoea barabara. Kitu kimoja cha shule sikukiacha, nacho ni kuuliza. Nimewauliza madereva wa malori kwa nini matairi ya nyuma huwa mawili mawili. Nimemuuliza padri mmoja kule Blantyre ni nani aliyepanga majina ya siku. Watu wengi hujibu kwa furaha, maana ni nadra mtu kuulizwa jambo analolijua. Lakini ukishajibiwa, mwenye jibu anaendelea na safari yake na wewe unabaki na jibu. Nina majibu mengi ambayo sina wa kumwambia.

Kwenye teksi dereva aliniuliza nashukia wapi. Nikasema Umbilo, kwa kuwa nilikuwa nimewahi kusikia kwamba huko kuna Wakongo wengi, na mahali penye Wakongo wa mashariki huwa pana Kiswahili. Miezi ile ya Pinetown nilikuwa nikizungumza Kiingereza cha kazini na Kizulu cha kuombea radhi. Kiswahili nilikisema peke yangu, nikikosa kijiko au nikijikwaa.

Barabara ya Umbilo ilikuwa na joto tayari. Nilipita maduka ya matairi, samani zilizokwisha kutumiwa, saluni, vibanda vya simu. Sikuwa natafuta kitu. Nilikuwa nimesimama kwenye robot, kama wanavyoziita huku taa za barabarani, nikisubiri magari yasimame niliposikia sauti kutoka kwenye ukumbi wa kanisa uliokuwa na milango wazi. Watu walikuwa wanabishana kwa Kiswahili. Salamu ya Kiswahili ningeweza kuipita, lakini mtu habishani kwa lugha ya kuazima. Nikavuka, nikaingia.

Walikuwa watu kumi na kitu kwenye viti vya plastiki. Ubao mweupe ulikuwa umeegemezwa kwenye ngoma za kwaya, na mbele yake alisimama Mkenya mmoja mwembamba aliyevaa koti licha ya joto lile. Ubaoni aliandika: Nani alimpa mtawala ruhusa? Nikakaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na kijana aliyekuwa na bisibisi ndogo mfukoni mwa shati.

"Karibu, grand," akaninong'oneza, kwa neno la Wakongo la kumwita mtu kaka. "Hapa tunasoma America."

"Mnakwenda?"

"Tunangoja. Sasa tungoje na macho tu?"

Alinieleza kwa vipande, huku akimchungulia mwalimu asije akamkemea. Yeye alikuwa fundi simu. Wengi wa waliokuwa pale walikuwa wakimbizi wenye mafaili ya kupelekwa kuishi Marekani. Ndugu zao wengine walikwishapanda ndege. Kisha safari zikasimama, na hakuna aliyewaambia kama zimesimama kwa muda au zimekwisha. Darasa lilikuwa limeanzishwa ili watu wasifike kule wajinga wa mambo ya nchi. Safari ziliposimama, darasa liliendelea.

"Ukiacha darasa," fundi simu akasema, "ni kama umesema safari haiko tena."

Mwalimu alikuwa anasomea shahada ya uzamivu ya mambo ya siasa kwenye chuo kilichoko kilimani, na darasa lile alilifanya bure. Alifundisha kama mtu anayepanga matofali. Wazo la kwamba watawaliwa ndio wenye madaraka, alisema, Wamarekani hawakuliokota njiani, wala halikuanza kwao. Akaanza na Athene, mji ambao raia wake walikusanyika kilimani wakaamua mambo kwa kunyoosha mikono.

"Raia wote?" akauliza mama mmoja mnene, msusi wa nywele mwenye vidole vyepesi, ambavyo hata pale darasani vilikuwa vinasuka ncha ya kitambaa chake.

"Wanaume, mama. Na si wanaume wote. Watumwa hapana, wageni hapana."

"Basi mimi ningekuwa naosha vyombo."

"Ungekuwa unaosha vyombo, mama."

Watu wakacheka. Akaendelea na Roma, ambako waliwachoka wafalme kiasi kwamba wakachagua wakuu wawili wa mwaka mmoja tu, kila mmoja akiwa na uwezo wa kumzuia mwenzake. Kisha akaja Uingereza, kwa mfalme aliyebanwa na mabwana wake kwenye uwanda wa majani kando ya mto, mpaka akapiga muhuri wake kwenye maandishi yaliyosema kwamba hata yeye yuko chini ya sheria, na kwamba mtu huru hafungwi kwa sababu tu mfalme ameamka vibaya.

"Wale mabwana walikuwa wanatetea batu ya chini?" akauliza yule mama msusi.

"Hapana. Walikuwa wanatetea mashamba yao."

"Sasa maneno yao ikafikaje kwa sisi?"

"Kwa sababu yaliandikwa, mama. Waliofuata wakasoma wakasema, mbona hata sisi ni watu huru? Ilichukua mamia ya miaka."

Nilisogea ukingoni mwa kiti. Siku zote nilidhani nchi ile ilijitungia mambo yake yenyewe, kama mtu aliyejenga nyumba porini. Sasa niliona ni nyumba iliyojengwa kwa mbao za nyumba nyingine. Mwingereza mmoja aliandika kwamba serikali huwekwa kwa ridhaa ya wanaotawaliwa, na ikivunja ahadi wanaweza kuiondoa. Mfaransa mmoja akaandika kwamba anayetunga sheria asiwe ndiye anayeitekeleza, wala asiwe ndiye anayehukumu. Na walowezi wenyewe, kabla hawajasoma hayo yote vizuri, walikwishazoea kukutana kwenye nyumba zao za ibada kuamua juu ya barabara, uzio na mshahara wa mwalimu.

"Ni kama sufuria," fundi simu akasema kwa sauti. "Huyu anapika, huyu anaonja, huyu anapakua."

"Na mwenye kula?" mama msusi akamuuliza.

"Mwenye kula njo sisi. Tuko tunangoja na sahani."

Kwenye safu ya mbele aliketi mwanamke mmoja aliyekuwa hacheki. Alivaa gauni la kitenge lililopigwa pasi kwa uangalifu, na kila mwalimu alipouliza swali yeye ndiye aliyejibu kwanza, kwa sauti ndogo, kama mtu anayehesabiwa. Ni yeye aliyeuliza swali ambalo nafikiri wote walikuwa wamelikalia.

"Mwalimu, ule wa America aliyeandika kama batu yote ni sawa. Yeye mwenyewe alikuwa na batumwa?"

Mwalimu aliweka kalamu chini.

"Alikuwa nao. Aliandika sentensi ile, na waliomlimia hawakuwa wake kwa ridhaa yao. Siwezi kukuficha. Ninachoweza kukuambia ni kwamba sentensi ilipotoka mkononi mwake, hakuweza tena kuirudisha. Watumwa wakaishika. Wanawake wakaishika. Kila kundi lililoachwa nje lilirudi nayo mlangoni likasema, ninyi ndio mliosema."

Nikajikuta nanyoosha mkono, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu Kigoma.

"Samahani, mwalimu. Mimi ni mpita njia tu. Kama wengi ndio wanaoamua, yule aliyebaki peke yake analindwa na nani?"

Yule mwanamke wa mbele akageuka kunitazama. Mwalimu alifurahi, akavua koti.

"Hilo ndilo liliwagawa," akasema. Katiba yao mpya ilipopelekwa kwa wananchi ikubaliwe, wengi waliiogopa. Waliona serikali kubwa inakuja na hakuna mahali palipoandikwa kwamba haitaingia nyumbani kwa mtu, haitamziba mtu mdomo, haitamhukumu bila kumkutanisha na anayemshtaki. Katika sehemu kadhaa walishindwa kwa kura chache. Walikubali kushindwa kwa ahadi moja, kwamba haki hizo zitaandikwa. Na zikaandikwa.

"Walikubali kushindwa," yule mwanamke akarudia. "Hivi hivi?"

"Kushindwa ndiko kugumu kuliko yote, dada. Mara ya kwanza chama kimoja kilipokikabidhi kingine urais, yule aliyeshindwa alipanda gari la farasi alfajiri akaondoka. Hakungoja kumwona mwenzake akiapishwa."

"Hakuaga?"

"Hakuaga. Lakini aliondoka."

"Kwetu," fundi simu akasema, "aliyeshindwa kura anashinda hesabu." Ukumbi mzima ukacheka, hata mwalimu. Yule mwanamke alikuwa amegeuka mbele, nikamwona kisogo tu.

Darasa lilipokwisha tulipewa chai na mandazi. Nilikunywa polepole, maana nilijua kikombe kikiisha nitakuwa sina sababu ya kuwa pale. Watu walinisalimu vizuri, wakauliza Tanzania ya wapi, wakasema ah, Kigoma ni hapo tu, unavuka ziwa. Kisha wakarudi kwenye habari zao, nani amepigiwa simu, nani hajapigiwa. Mimi sikuwa na faili mahali popote duniani. Hata kura sijawahi kupiga. Kila uchaguzi wa kwetu umenikuta nchi ya watu, na nchi za watu hazina karatasi yangu.

"Grand, unakaa wapi?" fundi simu akaniuliza.

"Sijajua bado."

"Leo utalala wapi?"

"Ndiyo hiyo ninayosema."

Akalitazama begi langu. Kisha akamwita mwalimu na yule mama msusi, wakateta kidogo karibu na ngoma. Kumbe watatu hao waliishi nyumba moja, juu kidogo, upande wa Glenwood, na nyumba hiyo ilikuwa na chumba cha nyuma kitupu. Mwenye nyumba, mzee mmoja wa Kihindi aliyeishi mbali, aliwaachia wao wamchague wa kukaa nao, mradi kodi ifike.

"Lakini tunapiga kura," fundi simu akasema. "Na tuko wane. Wa nne ni ule dada ulimuona mbele."

Tulipanda kilima jua likiwa kali, tukipita nyumba kuukuu zenye varanda na wanafunzi waliokaa ukutani wakichezea simu. Yule dada alikuwa ametangulia. Njiani nilijiambia kwamba si kitu, nimelala stendi, nimelala ufukweni, nimelala chini ya lori. Lakini haikuwa kweli. Nilikuwa nimesikia Kiswahili asubuhi nzima, na nilijua nikirudi kwenye kimya jioni ile nitakisikia kuliko zamani. Nilikitaka chumba kile kabla sijakiona. Ni mara chache nimetaka kitu namna hiyo, na kutaka kulinitia woga.

Kura ilifanyika jikoni. Walikaa kwenye meza, mimi wakanipa kiti karibu na friji. Mwalimu alinieleza utaratibu. Kura yao haikuwa ya siri. Kila mtu husema ndiyo au hapana, na anayesema hapana lazima aseme sababu mbele ya mgeni mwenyewe, ili mgeni asikataliwe na kitu asichokiona. Mgeni anaweza kujibu, ila hana kura.

"Ulikuta wapi hayo?" nikamuuliza.

"Mimi niliyakuta hapa hapa. Hawa waliyaanza kabla sijahamia. Mimi nimewapa tu majina."

Fundi simu alisema ndiyo, kwa sababu mtu anayeuliza maswali hawezi kuwa mwizi, mwizi hutazama tu. Mama msusi alisema ndiyo, kwa sharti nisipike samaki mkavu madirisha yakiwa yamefungwa. Mwalimu alisema ndiyo, akaanza kueleza kwa nini, mama msusi akamwambia inatosha.

"Hapana," yule dada akasema.

Wakamngoja.

"Kinu changu kitakaa wapi?"

Fundi simu akaangua kicheko. Mama msusi akampiga kofi la begani. Ndipo nilipoelezwa kwamba chumba cha nyuma kilijengwa baadaye na kina sakafu ya saruji. Vyumba vingine vyote vina sakafu ya mbao, na ukitwanga sombe, yaani kisamvu, humo, nyumba nzima inaruka na jirani anapiga simu polisi. Kwa hiyo kinu kilikaa kule, na kila Jumamosi dada alitwanga majani ya mihogo iliyopandwa uani.

"Kinu kitabaki," nikasema. "Mimi sina vitu. Hakitanizuia."

"Si kinu," akasema. Alikuwa anaangalia meza. "Ni chumba cha yaya yangu."

Hapo hakuna aliyecheka. Yaya yake, dada yake mkubwa, alikuwa ameishi chumba kile na mume na watoto. Walikuwa na faili moja, yeye alikuwa na la peke yake. Lao likaitwa. Wiki ile waliyosafiri walipima mabegi kila jioni kwa mizani ya kuazima, wakitoa hiki na kurudisha kile, na kinu ndicho kilichokuwa cha kwanza kutolewa. Yeye aliambiwa atafuata baada ya muda mfupi. Kisha safari zikasimama.

"Yaya iko kule na baridi," akasema. "Ananiuliza kila siku, utakuja lini? Mimi namwambia, chumba chako bado iko. Tukiweka mutu, nitamwambia nini?"

Nilifikiri kuchukua begi. Mwalimu akakohoa.

"Dada, pole. Lakini kodi ya chumba kile tumeigawana sote kwa muda mrefu. Watatu wamesema ndiyo."

"Najua kuhesabu, mwalimu."

"Unajua, hata wale walioiogopa katiba..."

"Mwalimu, leo darasa imeisha."

Yule dada akainuka, akatoka kwa mlango wa uani. Tulimwona kupitia dirishani akisimama katikati ya mihogo, amejishika mikono nyuma.

Nilidhani kura tatu zimenitosha, nikauliza nipite wapi kwenda chumbani. Fundi simu akatikisa kichwa.

"Eish, grand, bado. Ufunguo iko kwake."

"Kwa nini kwake?"

"Hapa, aliyeshindwa kura njo anafungulia mgeni. Hata siku ya mimi, ilikuwa ule mama hapo. Alinikataa."

"Nilimkataa kabisa," mama msusi akasema. "Na bado iko na sababu."

Waliniambia kwamba zamani, kabla ya utaratibu huo, mgeni aliingizwa na waliompenda, na aliyempinga alibaki chumbani kwake na kinyongo. Mgeni wa kwanza alikuta sabuni yake kwenye pipa la taka. Wa pili alifungiwa nje na mvua. Ndipo wakakubaliana kwamba mgeni hana chumba mpaka aliyemkataa amfungulie kwa mkono wake.

"Na akikataa kufungua?"

Walitazamana. Nikaelewa kwamba halijawahi kutokea, na kwamba hakuna aliyetaka kulisema.

"Hakuna polisi wa hapa ndani," mwalimu akasema mwishowe. "Asipofungua, hafungui."

Tulingoja. Mama msusi akaanza kumenya vitunguu. Mwalimu alifungua kitabu bila kugeuza ukurasa. Mimi niliwaza juu ya yote niliyoyasikia asubuhi, mfalme kwenye majani, Roma, mikono iliyonyooshwa kilimani, maandishi na mihuri, na nikaona kwamba mwisho wa yote hayo kuna mtu mmoja ameshindwa, amesimama mahali na ufunguo, na hakuna njia ya kumlazimisha ambayo haiharibu kitu kizima. Darasani nilikuwa nimeuliza ni nani humlinda aliyebaki peke yake. Sikuwa nimefikiri kwamba na wengine wote nao wako mikononi mwake.

Jua lilikuwa limeshuka kwenye mabati ya jirani aliporudi. Alinawa mikono kwanza, ingawa haikuwa michafu.

"Mtanzania, kuya."

Nikachukua begi nikamfuata kwenye korido. Wengine hawakuinuka, na nadhani huo nao ulikuwa utaratibu. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wa rangi ya kijani iliyobanduka. Alitoa ufunguo mfukoni mwa gauni, lakini hakuuingiza.

"Nikuulize kitu kimoja. Usinidanganye."

"Uliza."

"Hapa Durban uko na mutu?"

"Sina."

"Bibi? Watoto? Kazi?"

"Sina."

"Kule ulitoka leo, ulikaa muda gani?"

"Miezi kadhaa. Dada, sijawahi kukaa mahali mwaka mzima tangu niwe mkubwa. Nikikuambia nitakaa hapa, nitakuwa nakudanganya."

Nilijua ninachokifanya. Ni jibu ambalo limeninyima vyumba vingi. Mwenye nyumba hutaka kusikia kwamba utatulia, na mimi huwa naweza kulisema hilo vizuri kabisa. Lakini yeye aliniangalia kwa muda, na niliona uso wake unalegea.

"Basi hutachukua chumba," akasema polepole, kama anayejaribu maneno. "Utapita tu."

"Nitapita."

"Nitamwambia yaya, kuna mutu anapita. Anaangalia chumba, kisha anaenda."

"Mwambie hivyo."

"Kinu haitoke."

"Hakitoki."

"Na Jumamosi nitaingia kutwanga. Utatoka nje au utabaki, ni juu yako. Lakini nitabisha hodi. Ni chumba yako, hapana mutu kuingia bila hodi."

"Nitakufungulia."

Akaingiza ufunguo, akazungusha. Mlango ulikwama, akausukuma kwa bega.

Chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyokiwaza, na kilinuka saruji na majani makavu. Palikuwa na godoro limeegemezwa ukutani, dirisha moja linalotazama mihogo, na kinu katikati kabisa, mahali ambapo godoro lingelala. Nikaweka begi chini ili nimsaidie. Akanizuia kwa mkono. Alikiinamia kinu, akakiinamisha upande, akakizungusha juu ya kitako chake, nusu duara baada ya nusu duara, mpaka kikafika pembeni. Mchi akausimamisha ndani yake. Kisha akalivuta godoro likaanguka sakafuni, na vumbi likapanda baina yetu.

"Voilà," akasema. "Karibu."

Alinipa ufunguo, akaenda zake. Nilimsikia akifungua chumba cha jirani, kitanda kikilia, kisha simu aliyoipiga ikiita mbali, ikiita, bila kupokelewa. Jikoni fundi simu alikuwa anamchokoza mama msusi, na mwalimu alikuwa ameanza tena kueleza jambo. Nilikuwa nimepata paa, na Kiswahili kikipenya chini ya mlango. Nilikaa juu ya godoro na begi mapajani. Katika miaka yangu yote ya kuhama nimekataliwa kwa sababu sikai, na jioni ile, kwa mara ya kwanza, nilifunguliwa kwa sababu hiyo hiyo. Sikujua niichukulie vipi. Nilitaka kwenda jikoni nikawaulize, lakini bado sikujua nikae kiti kipi. Nikabaki pale, nikaanza kutoa vitu kwenye begi, kimoja kimoja, nikivipanga kwenye upande wa chumba usio na kinu.